Mzani wa Kidia

Malipo ya pili hayakuja.
Baba aliyangoja misimu minne,
stakabadhi kazipanga kwenye kopo la biskuti,
akizihesabu Jumapili baada ya ibada
kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi.

Wanunuzi wa usiku walipita na tochi,
taslimu mkononi, mzani wa ndoana begani.
Majirani waliuza. Baba alizima koroboi.
"Chama ni sisi," alisema gizani,
na mama, aliyekuwa akidaiwa ada ya Ndeonasia,
hakujibu. Aligeukia ukutani.

Siwalaumu waliouza.
Chama ndicho kilichoanza kuuza watu:
likaenda lori, yakaenda mabati ya bohari,
katibu akahamia Njiro,
mkutano mkuu ukawa soda na posho
na mikono inayoinuka kabla swali halijaisha.
Mwisho ikabaki kufuli
na mbuzi wa Eliakunda, waliojua pa kupenya.

Baba alipokufa nilikata mibuni kwa panga.
Nilianza na ule alioupanda mwaka niliozaliwa.

Basi usiniulize kwa nini nilichelewa
Aikaruwa alipopita mlango kwa mlango
akitafuta watu wa kuzibua mfongo.
Nilimwambia nina mgongo.
"Shamba lako ndilo la mwisho kunywa," akasema.
"Sisi tukichoka huku juu, wewe utakunywa nini?"

Tulianza kaya kumi na moja. Sasa ni tisa.
Mbili ziligombania zamu, zikaondoka na matusi,
na maji yao bado tunayapitisha.
Sanduku lina kufuli tatu;
funguo zinalala nyumba tatu zisizopendana sana.
Daftari husomwa kwa sauti
na mtoto yeyote wa darasa la tano,
hata anapokwama kwenye jina langu, na deni langu.

Mwezi uliopita tuliutoa mzani bohari.
Una kutu. Unaiba nusu kilo,
tangu lini, hakuna aliyetaka kukisia.
Tukaokota jiwe mtoni,
tukalipima mjini kwa muuza misumari,
tukaliandika uzito wake kwa rangi nyekundu.
Siku ya kupima, jiwe hupanda kwanza,
watu wote wakitazama,
ndipo debe la mtu.

Kopo la baba liko chini ya kitanda changu.
Jana nilipanda mibuni sita.
Sita tu.
Kisha nikasimama pale mfongo unapoishia,
jembe mkononi,
nikiyasikia maji yakikohoa kwa mbali,
hayajafika.