Malkia Araf

Alhamisi, juu ya duka la chapati za shayiri, Burslem,
mvua ikigonga paa kama mdai asiyechoka,
nilitandaza ramani yangu mezani.
Miezi saba niliichora. Wino wa kijani kwa misitu,
wa kahawia kwa milima. Na majina,
majina niliyachuma safarini Wales,
mke wangu akiendesha gari,
mimi nikinakili kila neno lililonipendeza
bila kuuliza bei.

Wachezaji wanne. Shabnam na upinde wake,
Colin mwizi (Colin siku zote ni mwizi),
Desmond aliyekuja kwa ajili ya biskuti,
na mgeni, Mabli, muuguzi,
viatu vya kazi bado miguuni.

Nikakohoa, nikabadili sauti:
"Mmefika mbele ya Araf, Malkia wa Misitu,
mwenye umri wa miaka elfu tatu,
katika hekalu lake takatifu la Allanfa."

Mabli akacheka hadi dadu zikaruka.
Araf, alisema akifuta machozi,
huandikwa barabarani kwa rangi nyeupe, kwenye kona:
Punguza mwendo.
Na Allanfa ni mlango wa kutokea.
Kila sinema kwetu imeliwasha kwa taa ya kijani.

Tukacheka sote. Nami nikacheka,
kicheko cha mtu aliyeteleza mbele za watu
akajidai ameinama kuokota sarafu.
Malkia wangu akabaki pale pale,
alama ya barabarani yenye taji.

Tukaendelea. Colin akaiba kinara.
Shabnam akakosa shabaha mara mbili.
Kama saa nne usiku wakaingia pangoni mwa joka,
nami nikalitamka jina nililolitunza hadi mwisho,
nililolichagua kamusini kwa ladha yake tu,
ulimi kwenye meno, pumzi ikipita pembeni:
Llwch.

Hapo Mabli hakucheka.
Aliishika dadu ya pande ishirini asiitupe.
"Vumbi," alisema. "Hilo ni vumbi.
Babu yangu alipasua mawe ya kuezekea kule Blaenau
tangu ana miaka kumi na minne.
Nyumbani hatukusema ugonjwa. Tulisema llwch.
Llwch limemwamsha. Llwch halijamwacha alale.
Alilala ameketi, kama abiria
asiyekijua kituo chake."

Hakuna aliyegusa biskuti, hata Desmond.

Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri matako.
Yangu haikuwa hata ya kuazima;
niliianua kwenye kamba ya jirani
ingali na jasho la mwenyewe.

Nikachukua kifutio.
"Nani kakwambia ufute?" akauliza Mabli.
"Joka linaloingia kifuani mwa mtu
likakaa humo miaka thelathini,
hilo nalijua. Nalijua hadi mlio wake.
Ila umelipa dhahabu ya kulinda. Halilindi kitu.
Wala halitemi moto. Linakunywa pumzi."

Nilitazama dirishani, pa kuweka macho.
Ng'ambo ya barabara, tanuri la mwisho la mtaa wetu
limesimama kama chupa iliyokwisha kunywewa.
Bibi yangu aliparuza kingo za sahani mbichi humo,
aproni nyeupe, nyusi nyeupe,
akakohoa ndani ya taulo hadi akatutoka.
Kwetu tulisema: ni kifua tu.
Hatukulipa hata jina.
Miezi saba, wino wa rangi tano,
na Burslem haimo.

Sikuwaambia. Nilikunja ramani vibaya,
mkunjo ukapita katikati ya hekalu.

Wakati wa kuondoka taa ya ngazi ilikuwa imeungua,
na vidato vimelowa.
Mabli alitangulia, akateleza kidogo, akashika ukuta,
akatuita kutoka gizani:
"Araf!"

Desmond, mdomo umejaa biskuti,
akapiga goti.
Nasi wengine tukashuka nyuma yake,
kidato kimoja, kingine,
taratibu, kama tulivyoamriwa.