Nafasi Kati ya Nondo

Mwaka ule nilipofungua banda hapa Ilomba
watu walitaka maua.
Nikunjie ua la alizeti, fundi,
nikunjie herufi ya jina la mume wangu,
na nondo ziachane inchi sita, upepo wa Loleza upite.
Dirisha lilikuwa la kutazamia.
Uzio ulikuwa mabingobingo:
chumvi ilivuka, kaa la moto lilivuka,
umbea ulivuka bila kubisha hodi.

Kisha Mzee Ndele akaibiwa redio.
Redio moja, betri zake zimefungwa kwa mpira.
Habari ilipofika Mafiati zilikuwa redio tatu na panga.
Ilipofika Kabwe, mzee alikuwa amekatwa sikio.
Nami nilimwona Jumapili kwaya ikisimama,
anaimba besi, masikio yote mawili
pale pale alipoyaweka Mungu.

Jumatatu nilikuwa na oda tisa.
Inchi tano.

Woga hula nini sijui. Msimu wake naujua.
Huota Juni, ukungu ukishuka mapema
na mtu aliye hatua kumi mbele ni koti tu, halina uso.
Hunenepa umeme ukikatika.
Mwaka wa uchaguzi hupandishwa jukwaani,
hupigiwa makofi,
halafu huachwa urudi nyumbani kwa miguu, kwetu.

Afande Mwaisumo aliniambia
nikimpimia mlango wa stoo:
"Kitabu chetu mwaka huu chembamba, fundi.
Kuku, ndoo, simu mbili."
Akanyamaza. Akagusa fremu.
"Huo mlango utie komeo mbili."

Inchi nne.

Kuna jambo silisemi nikiwa nachomelea.
Alfajiri moja mtu alipiga yowe njia panda
tukatoka wote, nami nimo,
na kipande cha bomba la robo tatu mkononi.
Kijana alikuwa na baiskeli.
Alisema ni yake.
Alisema anaitwa Gwamaka,
akamtaja mama yake, akataja Igurusi.
Sikumpiga. Nimelirudia neno hilo
hata limeisha makali: sikumpiga.
Bomba nilikuwa nalo.

Risiti waliikuta ndani ya soksi
imekunjwa mara nne,
kama anavyokunja mtu anayeogopa wezi.

Ungedhani wiki ile tungeona haya kutazamana.
Tuliona. Ndiyo maana walikuja na vipimo.
Inchi tatu na nusu.

Siku hizi simu ya binti yangu hulia usiku wa manane:
picha ya mtu kashika kisu,
mtaa haukutajwa, mwaka haukutajwa,
na majirani wanajibu kana kwamba yuko kibarazani.
Mabingobingo yalishakatwa.
Zimepanda kuta za tofali, vigae vya chupa juu yake,
vinang'aa vizuri sana mwezi ukitoka.

Mwezi uliopita Mama Subilaga alianguka bafuni.
Aliita tangu saa mbili usiku hata saa sita.
Mbwa walimsikia, wakabweka.
Nasi tulipowasikia mbwa
tukatia komeo la pili.

Asubuhi niliitwa mimi, nikate dirisha.
Nondo nilizozichomelea mwenyewe.
Zilinila mawe matatu ya kukatia,
na katikati ya cheche, Mungu anisamehe,
nilijisikia fahari.

Mguu umeunga. Jana kamtuma mjukuu, Lusekelo,
nikazibe lile tundu.
Nimekwenda na futikamba.
"Inchi ngapi, mama?"
Amekaa, mkongojo mapajani,
upepo wa Loleza unaingia unachezea pazia,
ng'ambo mtoto wa jirani anahesabu kuku kwa sauti,
naye anamsikiliza hadi kuku wa saba.
"Utakavyoona, fundi."

Nimepima.
Nimepima tena.
Kwenye daftari sijaandika kitu.