Kibaba Chenye Tundu

Mimi si mtaalamu. Mimi ni mwenye funguo na maji ya tofaa,
ninayemfuta Genta tongo za macho kabla skrini haijawashwa.
Ni saa moja asubuhi, Niigata, theluji imefika vizingiti vya madirisha,
na Daktari Murakoshi anapiga chafya, anamwomba kima radhi.

Kitini, kichwa chake kimeshikwa na kijiti cha chuma.
Sitasema hajali. Sijui.
Mrija ukikaribia hufungua mdomo,
na siku nyingine haufungui, na siku hiyo tunamrudisha.

Gizani zinazuka nukta,
chenga za mchele juu ya ungo usiotulia,
kila moja na wazimu wake.
Chache tu zimekubaliana: twendeni kulia.
Tatu katika mia. Genta hana budi kuzisikia kwa jicho
huku zile tisini na saba zikimzomea.

Nami nasikia kwa sikio. Sindano nyembamba kuliko unywele
imeifikia seli moja ya neva, moja tu, nyuma ya utosi,
na spika iliyo rafuni inatoa sauti yake:
ta.
Ta-ta.
Kama bisi za kwanza sufuriani.
Kisha tatata, tatatata, mfuniko unataka kupaa,
na hapo ndipo jicho linaporuka.
Kulia. Tone la maji ya tofaa.

Nimeshazoea kujua kabla yake.
Robo ya sekunde hivi, mimi mwosha vizimba
najua moyo wake utaangukia wapi, naye bado anapima.
Naona haya, kama aliyesoma barua ya mtu
kwa kuinua bahasha kwenye taa.

Haba na haba hujaza kibaba, nilimwambia Daktari
siku ile tulipokuwa tunakunja nyaya.
Akacheka. Kibaba chenyewe kina tundu, Chizuru.
Ushahidi wa jana unadondoka wakati wa leo unamiminwa.
Ukikawia mno, hakijai.
Ukiwa na pupa, umejaza upepo.

Lakini kuna majaribio nisiyoyapenda:
nukta zote zimeachwa huru. Hakuna kulia, hakuna kushoto.
Kompyuta imekwisha kurusha sarafu yake, imeamua jibu lipi litalipwa.
Na bado spika inapanda.
Ta. Ta-ta. Seli inajenga ukuta bila tofali,
na jicho linaruka kwa uhakika uleule,
na ulimi unangoja.

Jioni nilikwenda stesheni.
Dada yangu Sumire alikuwa anakuja na treni ya saa kumi na mbili na dakika nane,
miaka kumi na tisa tangu mazishi ya baba
na yale maneno tuliyotupiana mbele ya wageni.
Picha hakutuma. Nami sikuomba.

Milango ikafunguka, makoti meusi yakamwagika,
miavuli, masanduku ya magurudumu, mtoto analia,
kila mtu na upande wake.
Nilijibanza kando ya mashine ya tikiti.

Bega moja lililolegea. Ta.
Kisigino cha kushoto kinachoburutwa. Ta-ta.
Anavua glavu kwa meno, kama mama —
hapana, huyu ni mrefu. Kibaba kikavuja.
Halafu mwingine, mwenye skafu ya kijivu,
ambaye alisimama chini ya saa akitazama viatu vyake
kama mtu anayehesabu deni.

Nilisikia kitu kikipanda nyuma ya utosi wangu,
bisi baada ya bisi.
Sikuwa na hakika. Naapa sikuwa na hakika,
ila mguu ulikuwa umekwisha kunyanyuka
na jina limeshatoka mdomoni.

Wanawake wawili waligeuka.