Mnazi wa Saba

Bwana Mwachiro, ulikuja na kamba, darubini
na kijana wa kushika fimbo.
Ukapita Kakuyuni shamba kwa shamba kama mtu anayedai deni,
ukaipaka msalaba mwekundu minazi yangu kumi na mmoja.
Nikakuuliza, imekosa nini?
Ukasema: Mama Nyevu, ni mirefu.

Mita thelathini upana, ukasema,
kumi na tano huku, kumi na tano kule,
na waya utapita katikati bila kugusa kitu.
Ardhi inabaki yako.
Lima mahindi, lima kunde, mihogo haituhusu.
Usijenge tu. Usipande kinachokwenda juu.
Nikacheka, ukadhani nimekubali.
Siku ya kuolewa niliambiwa vivyo hivyo:
wewe bado ni wa kwenu,
ila usirudi.

Fomu yako ina safu tatu: mti, umri, bei.
Mnazi unaozaa, bei yake. Mkorosho, bei yake.
Mnazi mchanga, nusu, kama nauli ya mtoto.
Nikapitisha kidole kushoto, nikapitisha kulia,
Tsofa simwoni.

Tsofa hana shamba chini. Shamba lake liko juu.
Miaka kumi na tisa anapanda minazi yangu,
kotama kiunoni, kibuyu kikimgonga mgongo,
asubuhi kukata karara, jioni kukata tena,
kipande chembamba kama ukucha, tone lisikauke.
Huko juu ndiko alikosomeshea watoto wanne.
Huko ndiko anakojua nyumba ipi imechelewa kuwasha moto,
nani kalala nje, mbuzi wa nani yumo kundeni mwangu.
Na huko, bwana, ndiko waya wenu unakotaka kukaa.
Udongo mmeupima mpaka kwenye mzizi.
Hewa ya Tsofa nani kaipima?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo watu wasemavyo.
Huyu hajasifiwa.
Hajaandikwa hata jina.

Na mimi pia, niseme ukweli, sijaandikwa.
Hati ina jina la Thoya, baba mkwe wangu,
aliyetuacha mwaka ule mto Sabaki ulipokula daraja la miti.
Pesa zipo, ukasema, lakini zimelala,
zinangoja mahakama ya Malindi imtafutie marehemu mrithi.
Nimekwenda mara sita. Mara ya nne faili ilikuwa imepotea,
ya tano ilikuwa imeonekana, karani ndiye hakuonekana.
Chifu alitusomea barazani: fidia iwe ya haki, tena ilipwe haraka.
Pale kwenye haraka alikohoa.

Msumeno haukungoja mrithi.
Ulikuja Jumanne, saa mbili na nusu,
ukaanza na wa saba kwa sababu ulikuwa karibu na barabara.
Kibuyu kilikuwa bado kileleni.
Tulipiga kelele, mota ikatushinda.
Tembo likamwagika kwenye mchanga, likatoa povu,
siafu wakaja kabla ya majirani.
Tsofa hakusema neno. Aliokota kamba yake,
akaikunja vizuri, kama vile kesho ipo.

Sasa huamka alfajiri ileile, hana pa kupanda.
Huja kukaa kwenye kisiki, mimi humpa chai,
naye hutazama juu kwa mazoea
mpaka shingo imuume.

Leo umerudi na karatasi, unataka dole gumba.
Dole gumba nitaliweka, bwana, sikatai.
Lakini mimi nilisoma mpaka darasa la tano,
nipe kalamu kwanza.
Nitaandika hapa pembeni:
Tsofa wa Chengo, mgema. Miaka kumi na tisa. Juu.

Unasema mama, hapo hapana nafasi.

Ipo.
Sogeza kidole chako.