Alama ya Msumari

Chupa ilikuwa ya soda, karatasi yake imebanduka.
Kwa Mama Nyanjige ni juu, nyuma ya jiwe
lililokaa kama ng'ombe aliyegoma,
huku Igogo, tunakopanda nyumbani kama mbuzi.
Nami nilikuwa nimechuchumaa tangu alfajiri pale Mwaloni
juu ya injini za watu,
magoti hayanitaki.
Nikamwambia Maduhu: kimbia, mwanangu,
mwambie ni ya baba, aandike.
Alikuwa na miaka tisa. Alikimbia.

Nilikuwa baba mwema, nakumbuka.
Nilimpa mia ya pipi.
Nilimsifu mbele ya wageni: huyu haangushi hata tone.
Mmoja akakishika kidole chake, akakichovya kwenye glasi:
ramba, uwe dume.
Uso wa mtoto ukajikunja kama ndimu iliyokamuliwa,
na aliyecheka kwa sauti kuliko wote
alikuwa mimi.

Milembe hakucheka. Alikuwa anachambua dagaa.
Akainua ungo, akapepeta kuelekea kwetu,
mchanga ukatua kwenye glasi.
Nilidhani ni upepo wa ziwa.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipoanza,
gongo ikaanza kupoa.
Si baridi. Kupoa, kama neno la mtu mwoga.
Nilikunywa glasi mbili nikabaki na akili zangu zote,
na akili zangu, ikifika jioni,
si wageni wa kukaa nao.

Nikapanda mwenyewe kumshitaki Nyanjige kwa Nyanjige:
mama, sasa unatuuzia ziwa?
Hakuwa na haraka. Akafuta mikono kwenye kanga,
akamimina kidogo kwenye kizibo, akawasha kiberiti.
Moto wa buluu ukasimama.
"Kwangu inatoka hai," akasema.
"Kaulize inafia njiani kwa nani."

Kutoka kwake hadi kwangu ni ngazi arobaini na tatu.
Nilizihesabu nikishuka, mara ya kwanza maishani.
Kwenye ya ishirini mawe mawili yameegemeana,
na katikati yao, pakavu,
kulikuwa na kidumu cha maji
kimezibwa kwa kipande cha shati la shule.

Kesho yake nilichukua msumari.
Nikaijaza chupa maji, nikaipeleka kwa Nyanjige,
nikapimisha kipimo changu, nikakwaruza alama.
Jioni nikamtuma.
Chupa ikarudi imefika kwenye alama,
haijazidi, haijapungua,
kazi ya fundi.
Ana mkono mzuri, mwanangu. Ni mkono wangu.

Nikavua mkanda.
Hakukimbia. Alisimama mlangoni,
kanipita kimo (lini?),
mdomo wake unanuka kama wa marehemu baba yangu.
"Siibi kwa watu," akasema. "Nakunywa yako tu."
Kisha, taratibu, kama anayenieleza njia:
"Nilidhani ndiyo mazungumzo yetu."

Suruali yangu ikaanza kuteremka.
Nikaishika kwa mkono mmoja, mkanda kwa mkono wa pili,
na sikubaki na mkono wa kumpigia.

Sijaivunja ile chupa. Nisidanganye.
Ipo juu ya kabati, imegeuzwa,
alama yake inatazama ukuta.

Jana giza lilipoingia mdomo ulifunguka wenyewe:
Maduhu, kimbia...
Akainuka. Nyumba nzima ikasimama naye.
Nikatafuta pa kulitua lile neno.
...kamnunulie mama yako chumvi.

"Chumvi ipo," akasema Milembe.
Akanitazama.
"Hapana," akasema. "Imekwisha."

Duka lipo chini, karibu na barabara.
Nilikaa kizingitini, mikono kati ya magoti,
nikisikiliza ndala zake gizani,
na kwenye mawe haya yetu sauti hudunda,
huwezi kujua kwa masikio tu
mtu anashuka
au anapanda.