Ndoo ya Bluu

Barua ya uhamisho ilisema Mtwara.
Haikusema kimya.

Nimepewa nyumba Shangani,
vyumba vitatu kwa mtu mmoja,
na ua wa michongoma uliokatwa na mtu mwenye subira kunishinda.
Usiku wa kwanza jokofu lilikohoa, likanyamaza,
nikasikia kucha zangu zikiota.

Tabora nilipanga nyuma ya mashine ya kusaga.
Niliota unga.
Hapa jirani wa kushoto ni hakimu,
hufunga geti taratibu kama anayemfunika mtoto.
Wa kulia ni mbwa. Mwenye mbwa sijamwona.

Sijui kupika, naandika bila haya.
Mama alinifunza hesabu, akasema mengine utaoa.
Sikuoa.
Wiki nzima nikala mkate na korosho,
korosho na mkate,
hadi tumbo likaniandikia barua, nakala kwa ini.

Nikatoka.

Hoteli yenye vitambaa vya meza ilinipa menyu ya kurasa nane.
"Kuku?" Ameisha.
"Samaki?" Anakuja.
Nilimngoja kama mgeni wa ndege;
alipofika, ndimu ilikuwa imemtangulia na kuondoka.
Kwa Likwata kuna supu, sikatai, supu ya haki,
ila ukichelewa hata saa moja asubuhi
unakuta sufuria imefudikizwa,
watu wa bandari wameshainywa na giza.

Aliyenihurumia ni Chingwile, mlinzi wa hakimu.
Aliniona nikirudi na mkate wa tisa.
"Shika njia ya vumbi mpaka mkorosho uliopigwa radi. Kunja.
Ukikuta ndoo ya bluu imepinduliwa mlangoni, chakula kipo.
Ukikuta imesimama,
rudi kwako ukamwombe Mungu."

Imepinduliwa.

Bi Somoe hana menyu, ana macho.
Alinitazama kola, akanitazama mkanda
(tundu la mwisho nililitoboa kwa msumari),
akapakua bila kuuliza:
ugali wa muhogo unaovutika,
kisamvu kilichotwangwa hadi kikasahau ujani wake,
kimeungwa kwa korosho changa;
kipande cha changu, ngozi imebabuka penye pilipili.
Na pembeni, kwenye sahani ya bati, vijiti vya kahawia
nilivyodhani ni kuni.

"Ming'oko," akasema. "Menya. Usinitie aibu."

Nikamenya. Ulaini, chumvi,
na nyuma yake kitu cha porini
ambacho Tabora hatuna jina lake.

Kwenye benchi: dereva wa gari la taka, mkunga,
na mzee anayekula na redio begani.
Hakuna aliyeniuliza kwetu wapi.
Kumbe kimya nacho kina aina, kama mchele.

Mwezi wa ukaguzi nilitoka ofisini saa nne usiku.
Ndoo imesimama.
Dirishani, sahani imefunikwa kwa sahani,
juu yake jiwe la kuzuia paka,
na kipande cha boksi: YA MNYAMWEZI.
Nililia kidogo. Pilipili.

Septemba akahamia kijana wa umeme, mwembamba, kutoka Njombe.
Akaniita juu ya michongoma,
mkononi ana mkate:
"Kaka, hapa mnakula wapi?"

Nikalikumbuka benchi, nafasi nne.
Nikaikumbuka sufuria, na ukoko wake.
"Hapa?" nikasema. "Hapa watu wanapika."
Mbwa alibweka. Chingwile akatazama viatu vyake.

Kesho yake nakunja penye mkorosho,
namkuta kijana amekaa pangu,
mashavu yamejaa, anamenya ming'oko
kwa ustadi ambao mimi sijaupata.
"Karibu, kaka," akasema.

Bi Somoe hakusema.
Aliifuata ndoo mlangoni, akaisimamisha
ili niione vizuri imesimama,
akanitazama kola, mkanda,
roho.
Kisha akaibeba hadi mwisho wa benchi,
akaipindua.

"Kalia."