Bahasha Nyepesi

Valparaíso haina mtaa uliolala; yote imesimama.
Vidato mia na arobaini na tatu
kutoka barabara ya chini hadi mlangoni petu.
Nimevihesabu kwa namna mbili:
miaka kumi na tisa, mkoba wa posta begani,
nikihesabu ili nisiusikilize upepo;
na sasa, ili nijue pa kukaa.

Kidato cha thelathini na moja: ukuta wa bluu, nakaa.
Cha hamsini na tano: dirisha la Bi Filomena,
anayejifanya hanioni, Mungu ambariki.
Cha themanini sikifikii kila siku.

Walisema wiki mbili.
Nibaldo, mume wangu, alitia alama kwenye kalenda
siku kumi na nne, kalamu nyekundu,
kama mtoto anayesubiri likizo.
Kalenda ile ikaisha. Ikaja nyingine. Na nyingine,
ya duka la dawa, yenye picha za paka.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Huyu nilimpa.
Analima ndani yangu.
Anaamka kabla yangu,
analima mapaja, analima kifua,
jioni analima kichwa,
na hapandi kitu.

Daktari aliinua picha ya mapafu yangu kwenye mwanga.
"Safi," akasema, kama mtu anayesifu shuka.
Nikarudi nyumbani na usafi wangu.
Jioni ile nikaosha nywele.
Nikalala siku tatu.

Maneno nayo yanashuka ngazi bila kuaga.
Juzi nilitaka kumwambia dada yangu Otilia aninunulie
kile kikaratasi,
chenye meno pembeni,
kile, kinachobandikwa ili barua iende,
akangoja kwenye simu. Nikamsikia akingoja.
Stempu.
Mimi. Miaka kumi na tisa.
Lilikuja usiku wa manane nikiwa msalani,
nikalitamka kwa sauti, Nibaldo akadhani namwita.

Kahawa inanuka mpira unaoungua.
Mkate wa moto, niliozoea kuula nikitembea,
unanuka kitu kisichotajwa mezani.
Na gesi hainuki kabisa.
Nibaldo amebandika karatasi juu ya jiko,
HERMINDA, UMEZIMA? kwa herufi kubwa,
na chini yake, siku nyingine, kwa kalamu nyingine:
nisamehe nilivyopiga kelele.

Leo amepanda Ulises, kijana aliyepewa njia yangu,
anatweta, jasho puani,
na nyuma yake mbwa mweusi wa jirani akimfokea
kama alivyonifokea mimi enzi zangu.
Mimi hanibwekei tena.
Huja akalala miguuni pangu, pale penye ukuta wa bluu.
Niliyavumilia mengi; hilo ndilo lililoniliza.

Akaninyooshea bahasha ya tume ya likizo za wagonjwa.
Sikuifungua. Nimezibeba, nazijua:
kukubaliwa huja na fomu, karatasi nne, tano;
kukataliwa ni karatasi moja.
Nikaipima kiganjani.
Ulises akatazama viatu vyake.

"Kaa," nikamwambia. "Unapanda vibaya.
Ngazi haivamiwi. Polepole ndio mwendo."
Nilisema kama mtu mwenye hiari.
Kwangu polepole si mwendo, ni bei,
na nailipa kabla ya kununua.

Akanywa maji. Akaniuliza kama huwa inapungua.
Nikalitafuta jibu, kisha maneno yake.
Chini kabisa, muuza gesi
alikuwa akigonga mtungi kwa spana, kang, kang,
akitangaza kitu nisichoweza kukinusa.

"Kidato cha hamsini na tano," nikamjibu.
"Aprili nilikuwa sikifikii."